Mashine kongwe za michezo: tusizing'oe kabla ya kumuuliza fundi

Asubuhi ya Februari 28, 2025, mnara wa chuma wenye kimo cha mita 139 uliangushwa kwa baruti katika bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure, jimbo la New Jersey, Marekani. Ulikuwa mnara wa Kingda Ka, rolakosta ambayo mwaka 2005, ilipofunguliwa, ilikuwa na kimo na kasi kuliko zote duniani, ikiwarusha abiria wake kwa kilomita 206 kwa saa. Ilidumu miaka 19. Katika jiji jirani la New York, ufukweni Coney Island, rolakosta ya Cyclone iliyoanza kubeba watu Juni 26, 1927 ingali kazini kila msimu, na foleni ingalipo.

Video ya mnara ule ukianguka ilifika hadi hapa Shangani, mjini Mtwara. Vijana wanaobarizi ufukweni jioni waliitazama kwenye simu zao, na mmoja akauliza swali ambalo nimeona linastahili ukurasa mzima wa gazeti: kwa nini wamevunja kipya wakabakiza kizee?

Kwa asiyewahi kuiona, rolakosta ni treni ndogo isiyo na injini. Kwa kawaida mnyororo huivuta taratibu hadi kilele cha kwanza, kisha huiachia. Kuanzia hapo ni mteremko, kona, kilima kingine na mteremko tena, mpaka nguvu ya ule mteremko wa kwanza iishe na breki zimalizie kazi. Mtwara hatuna hata moja. Tulicho nacho ni bembea za sikukuu, farasi wa kuzunguka wanaosukumwa kwa mikono, na yale majumba ya mpira yanayojazwa upepo. Lakini mji unakua. Bandari imepanuliwa, saruji na gesi vimeleta wageni, na ufukwe wa Shangani Jumapili jioni haukosi familia zilizokuja kupunga upepo huku watoto wakitafuta cha kuchezea. Siku si nyingi atatokea mwekezaji, au halmashauri yenyewe, atakayetaka kuweka mashine za michezo kando ya bahari yetu. Tutaulizana kama zinunuliwe mpya au zilizotumika. Zikizeeka tutaulizana kama zing'olewe au zitunzwe. Ni afadhali tuanze kuulizana sasa, kabla ya kontena kushushwa.

Msimamo wangu nautaja mapema. Mashine kongwe inayofunguka, inayopimika na yenye fundi anayeijua ibaki kazini. Isiyo na fundi iondoke, hata kama imetoka kiwandani jana.

Cyclone yenyewe iliponea chupuchupu. Jiji la New York liliinunua, na nia haikuwa kuitunza. Jirani yake kulikuwa na jumba la maonyesho ya samaki lililotaka kupanuka, na rolakosta ilikuwa imekalia ardhi inayotakiwa. Wakazi na wapenzi wake wakaanzisha kampeni ya kuitetea. Mwaka 1975 ikakodishwa kwa kampuni ya Astroland, iliyokuwa ikiendesha michezo pale pale jirani, ikakarabatiwa na kurudi kazini. Mwaka 1988 jiji lile lile lililokuwa tayari kuibomoa likaitangaza kuwa alama yake ya kihistoria.

Walioitetea hawakuiweka ikae kama sanamu ya kutazamwa. Waliirudisha kwenye kubeba watu, na hilo ndilo lililoiokoa. Njia yake imetengenezwa kwa mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa umelazwa ukanda wa chuma ambao gurudumu hupita juu yake. Kila siku kabla ya geti kufunguliwa, wakaguzi huipanda njia hiyo kwa miguu, wakitazama misumari, boliti, nyufa na mbao zilizolegea. Ubao ukioza, kipande kile hukatwa na kupachikwa kingine. Majira ya baridi, wateja wanapokuwa majumbani, ni msimu wa maseremala. Mashine ya namna hiyo hufanywa upya kidogo kidogo kila mwaka, na anayeifanya upya ni mtu mwenye nyundo na macho.

Melbourne, Australia, ipo nyingine iliyofunguliwa mwaka 1912 katika bustani ya Luna Park. Ile hadi leo ina mtu wa breki. Husimama katikati ya treni, kati ya behewa na behewa, ameshika mtaimbo, na kila inapokaribia kona ni yeye anayeamua ipunguzwe kasi kiasi gani. Hakuna mashine inayomwamulia. Abiria wakishuka, jambo la kwanza wanalosimulia ni yule mtu.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda ng'ambo kulielewa jambo hili, kwa sababu tunayo Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaungwa na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakikimbia vita waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi nzito, kila kipande, ili maji yasizile. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, walikuta injini zinazofaa kufanya kazi. Mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Ni mwaka ule ule Cyclone ilipofunguliwa. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli, na meli ikaendelea kubeba watu, dagaa, mahindi na wakimbizi. Miaka ya karibuni, badala ya kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, Serikali imeamua kuikarabati tena.

Fikiria wale mafundi wa 1916. Wanajua meli inazama, wanajua huenda wasiione tena, na bado wanakaa chini kwenye joto la chumba cha injini wakipaka grisi. Kila ninapoisoma habari hiyo naona kwamba utunzaji ni tabia ya mtu kabla haujawa bajeti ya idara.

Wanaotaka mashine kongwe ziondolewe wana hoja, na hoja yao ina makaburi. Mei 30, 1972, katika bustani ya Battersea, London, treni ya rolakosta ya mbao iliyoitwa Big Dipper ilikuwa ikivutwa kupanda kilima cha kwanza. Kamba ya kuivuta ikaachia. Kifaa cha kuzuia treni isirudi nyuma hakikushika. Treni ikarudi kinyumenyume kwa kasi, behewa likaacha njia na kugonga uzio. Watoto 5 walikufa na watu 13 walijeruhiwa. Rolakosta ile haikubeba mtu tena, na miaka miwili baadaye bustani yote ya michezo ikafungwa. Mzazi aliyempoteza mtoto pale huwezi kumwambia habari za urithi na kumbukumbu akakuelewa. Anayetetea vya kale akiliruka tukio hilo, asisikilizwe.

Ila tuutazame umri. Big Dipper ilifunguliwa Battersea mwaka 1951, kwa hiyo siku ya ajali ilikuwa imehudumu pale miaka 21. Cyclone ina zaidi ya mara nne ya hiyo. Kilichoua Battersea ni kamba iliyoachia na kizuizi kisichoshika, yaani vifaa viwili ambavyo mkaguzi makini huvishika kwa mkono wake kila asubuhi.

Sasa chukua mashine mpya kabisa. Alton Towers, Uingereza, walifungua rolakosta ya Smiler mwaka 2013, yenye mizunguko 14 ya kichwa chini miguu juu, idadi ambayo haijawahi kufikiwa popote. Ilikuwa na mfumo wa kompyuta unaohakikisha treni mbili hazikutani kwenye kipande kimoja cha njia. Juni 2, 2015 mfumo ule ulisimamisha treni yenye abiria, kwa sababu mbele yake kulikuwa na treni tupu ya majaribio iliyokwama. Kompyuta ilikuwa sahihi. Mafundi waliokuwa chini hawakuiona ile treni tupu, wakadhani mfumo umekosea, wakaupita na kuiruhusu treni iende. Watu 16 walijeruhiwa, na wasichana wawili walikatwa mguu. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni ya Merlin, inayomiliki bustani ile, faini ya pauni milioni 5. Kosa lilikuwa la uendeshaji: mafundi walikuwa hawajapewa utaratibu madhubuti wa kazi yao. Mashine ilikuwa na miaka miwili.

Lipo na la Carowinds, mpakani mwa majimbo mawili ya Carolina, Marekani. Juni 30, 2023 mteja mmoja, mzazi aliyekuwa akitazama tu kutoka chini, aliona nguzo ya rolakosta ya Fury 325 ina ufa, na kila treni ilipopita nguzo ilifunguka na kufunga. Akaipiga picha ya video, akawaonyesha wenyewe, ikafungwa. Rolakosta ile ilifunguliwa mwaka 2015. Chuma kipya hupasuka ndani kwa ndani, na nyufa za chuma nyingi hazionekani kwa macho mpaka zimekomaa; zinatakiwa vipimo maalumu na mtu aliyefundishwa kuvisoma. Ubao, kinyume chake, hulia kabla haujakatika.

Kwa hiyo kusema "ni ya zamani, ni hatari" au "ni mpya, ni salama" ni kukwepa kazi. Hapa nyumbani tumelipia somo hilo kwa gharama ambayo hakuna familia ingepaswa kuilipa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, Septemba 20, 2018. Kilikuwa na umri wa miaka 14 na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Siku hiyo, Liemba ilikuwa na umri wa miaka 103. MV Bukoba, iliyoondoka na mamia ya ndugu zetu Mei 21, 1996, ilikuwa imeundwa mwaka 1979. Nayataja haya kwa heshima ya waliopotea, na kwa sababu moja tu: vyombo hivyo havikuzeeka. Vilijazwa kupita uwezo wake, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema chombo hakiondoki, akasikilizwa.

Mamlaka hayo nimeyaona mara moja kwa macho yangu, katika mahali padogo sana. Ilikuwa Idi, kiwanja kimoja hapa mjini, kwenye bembea ya mbao ya kuzunguka: vidau vinne vilivyofungwa kwenye gurudumu, vijana wawili wanaolizungusha kwa nguvu ya mikono, watoto na kanzu zao na magauni yao mapya wamejipanga wakishika shilingi zao. Fundi wake alikuwa mzee wa makamo ya babu, amefunga kikoi, pembeni yake kopo la grisi na spana moja. Baada ya kila mizunguko michache alinyanyua mkono. Vijana wakaacha kuzungusha. Mzee akaisogelea nguzo, akagonga kila nati kwa spana, akitega sikio. Nati iliyokaza hutoa mlio mkavu. Iliyolegea mlio wake ni wa chini, wa kufifia. Aliposikia mmoja wa namna hiyo alikaza, akagonga tena, akaridhika. Watu wazima waliokuwa nyuma walianza kunung'unika, na mwenye bembea, ambaye hakuwa yeye, akamwambia, "Mzee, hebu harakisha, jua linazama." Mzee hakujibu. Alikwenda kwenye kidau cha kwanza walimobanwa watoto wanne, akamshika mmoja kwa upole, akamteremsha. "Watatu, mjukuu wangu. Wewe utapanda zamu ijayo, na utakaa mbele."

Bembea ile ilikuwa imechakaa, rangi imebabuka, na mbao zake mbili zilikuwa za rangi tofauti na nyingine, maana yake zilibadilishwa. Ningempandisha mwanangu pale bila wasiwasi. Pembeni yake kulikuwa na mashine ya umeme ya kung'aa, taa za kila rangi na muziki mkubwa, iliyoletwa kwa sikukuu ile tu. Kijana aliyekuwa akiiendesha nilimuuliza ikiharibika anafanyaje. Akasema huizima, kisha huiwasha tena.

Mashine za kisasa zina ugumu wake, na ni haki kuusema. Kingda Ka haikuvutwa kwa mnyororo. Ilirushwa kwa mtambo wa msukumo wa mafuta, na mwaka wake wa kwanza tu, wiki chache baada ya kufunguliwa, mtambo huo uliharibika ikafungwa kwa takriban miezi miwili. Mashine ya aina hiyo ikisumbua Marekani, mhandisi hupanda ndege kutoka Ulaya na kipuri hufuata. Ikisumbua Mtwara, nani atakuja, na bajeti ya nani itamleta? Tumeona katika zahanati na katika visima vya maji jinsi kifaa kizuri cha msaada kinavyogeuka kuwa kabati la kuwekea vumbi, kwa kukosa kipande kimoja ambacho hakiuzwi nchini. Hili si suala la kuogopa teknolojia. Wajukuu zetu wana haki ya kurushwa hewani kama watoto wa Abu Dhabi, ambako rolakosta ya Formula Rossa ilipofunguliwa mwaka 2010 ilifikia kilomita 240 kwa saa, na ambako ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Ghuba wameipanda na kuja kutusimulia. Lakini Abu Dhabi hawakununua mashine peke yake. Walinunua na mafundi, na vipuri, na mkataba wa miaka.

Kuna jambo la pili kuhusu kung'oa, na hili linatuhusu sisi wa Mtwara kuliko mtu yeyote. Rolakosta za Marekani zina asili ya reli ya makaa ya mawe. Mwaka 1827, Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania, ilijengwa reli ya kuteremsha makaa kutoka mlimani. Mabehewa yaliteremka yenyewe kwa uzito wake, na nyumbu waliokuwa wakiyavuta kurudi juu walipakiwa kwenye behewa lao nao wakateremka wakila majani. Watu wakaanza kuomba kupanda kwa raha. Mwaka 1872 makaa yalipata njia nyingine. Wenye reli hawakuing'oa. Waliwauzia watu safari, na watalii walikuja kwa maelfu kwa miaka mingi, hadi mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipoiua, na mwaka 1937 ikauzwa kama chuma chakavu. Kabla ya hapo, mwaka 1884, LaMarcus Thompson alikuwa amejenga njia yake ya mteremko Coney Island kwa nauli ya senti 5, na biashara nzima ya rolakosta Marekani ikaanzia hapo.

Mtwara nayo ilikuwa na reli. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wake wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mashamba makubwa. Kwa ajili ya karanga hizo ilichimbwa bandari ya maji marefu hapa Mtwara, ukapimwa mji wenye barabara pana na mitaa iliyotawanyika mbali mbali kana kwamba wanakuja watu laki kadhaa kesho yake, zikajengwa nyumba za wakubwa hapa Shangani, na ikawekwa reli. Kipande cha kwanza, kutoka Mkwaya upande wa Lindi hadi Nachingwea, kilianza kazi mwaka 1949. Mradi wa karanga ukafa mwaka 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Reli ilifika Mtwara mwaka 1954, mradi ulioizaa ukiwa tayari kaburini, na mwaka 1958 tawi lake likafika Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni ikasimamishwa kwa kukosa mizigo, na reli ikang'olewa. Kipande cha Mtwara hakikutimiza hata miaka 10.

Sitawalaumu waliosimamisha treni. Ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara, na nchi iliyopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na madeni mengine ya kulipa: shule, hospitali, walimu. Ninachokilalamikia ni kung'oa. Kusimamisha treni ni uamuzi unaoweza kutenguliwa. Reli ikishang'olewa, kazi inaanza upya kutoka kupima ardhi. Ulinganishe na bandari, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Gati lile la mita 385 lilijengwa kwa karanga zisizokuja, likakaa miongo kadhaa likihudumia meli chache, na hakuna aliyelivunja. Wakati ulipofika, likajengwa gati jipya la mita 300 kando yake, na leo hapo hapo panapita korosho, saruji na makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga. Makaa hayo huja kutoka Mbinga kwa malori, mamia ya kilomita, yakisaga barabara usiku na mchana. Na sasa Serikali inapanga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, takriban kilomita 1,000. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kila ninaposikia ikitajwa nawakumbuka wazee walioniambia kwamba waliwahi kukata tiketi ya treni mjini hapa.

Mikindani, mwendo mfupi kutoka hapa, wametuonyesha njia ya tatu. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa limebaki kuta. Shirika la hisani la Trade Aid kutoka Uingereza likalifufua, likawa hoteli, na vijana wa pale wakafundishwa kazi za hoteli ndani ya jengo lile lile. Boma lililala, halikuvunjwa, likaamshwa lilipopatiwa kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Leap-the-Dips ya Altoona, Pennsylvania, rolakosta ya mbao ya mwaka 1902 ambayo kimo chake hakizidi sana nyumba ya ghorofa tatu. Ilifungwa mwaka 1985. Wangeweza kuichoma kuni. Waliiacha imesimama, wakachangishana, na mwaka 1999 ikabeba watu tena. Haina hata magurudumu ya chini ya reli, yale aliyosajili John Miller mwaka 1919 ili treni isirukie hewani, kwa hiyo huenda polepole, na hakuna aliyediriki kuilazimisha iende mbio ili ishindane na wenziwe. Kukubali mwendo wake ndio utunzaji wenyewe.

Wapo watakaosema bustani ya michezo ni biashara, na mwenye biashara ana haki ya kuweka anachotaka. Ni kweli, na siko hapa kumpangia mtu matumizi ya fedha zake. Kingda Ka iliangushwa ili eneo lake lipate mashine nyingine, na watoto wa New Jersey hawatalala njaa kwa hilo. Lakini ufukwe wa Shangani si mali ya mtu mmoja, na fedha za halmashauri ni za ushuru wa mkulima na wa mvuvi. Hapo tuna haki ya kusema.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, siku mradi huo utakapokuja mezani, waanze na fundi kabla ya mashine. Wachaguliwe vijana kutoka chuo cha VETA hapa Mtwara, wapelekwe kiwandani au kwenye bustani inakotoka mashine, waifungue na kuifunga kwa mikono yao hadi waijue, ndipo meli iitwe. Inunuliwe mashine ambayo vipande vyake vingi vinaweza kuchongwa na mafundi wetu wa chuma na maseremala wetu, hata kama ni ndogo na ya taratibu kuliko ile ya kwenye katalogi. Kama ni ya kutumika, iletwe pamoja na daftari lake la matengenezo tangu ilipozaliwa. Isiyo na daftari isipokelewe bandarini. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wahusishwe tangu mwanzo. Fundi mkuu apewe kwa maandishi mamlaka ya kuizima mashine siku ya sikukuu, foleni ikiwa imefika barabarani, bila kumpigia simu mtu yeyote. Na ikifika siku imechoka, isimamishwe kwanza, ipimwe, na uamuzi wa kuing'oa utolewe hadharani mbele ya wananchi walioilipia.

Na wewe mzazi, huna haja ya kusubiri mradi. Idi ijayo, au Krismasi, utakapompeleka mtoto kwenye bembea yoyote, kongwe au mpya, muulize mwenyewe kabla hujalipa: fundi wake ni nani, na mara ya mwisho aliikagua lini. Akishindwa kukujibu, mshike mwanao mkono mwende zenu.